Tuulize kwa Upole, Wala Tusichoke Kuuliza



Nawaandikia, ndugu zangu wa Tabora, kama watu wa nyumba moja wanavyozungumza chakula kikishaliwa, pale mambo ya nyumbani yanapotaka kusemwa bila ugomvi. Kwa kuwa nchi ni nyumba yetu sote, naomba tuketi kidogo.

Kuna swali ambalo kila mmoja wetu amewahi kujiuliza. Mkoa wetu una ardhi pana. Una misitu ya miombo inayotupa asali inayosifika nchi nzima. Una tumbaku ya Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui. Una mpunga, una karanga, una ng'ombe. Reli imetufikia tangu mwaka 1912. Mbona basi wengi wetu bado tunakopa unga dukani kabla mwezi haujaisha?

Tena swali hilo si letu peke yetu. Linaulizwa Kampala, Bujumbura, Nairobi na Lubumbashi, katika nchi zenye mvua, madini na watu wasioogopa kazi.

Majibu ni mengi. Kuna ukame, kuna bei za mazao ambazo hatuzipangi sisi, kuna madeni ya nchi, kuna miaka ya kutawaliwa. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna jibu moja ambalo limo mikononi mwetu wenyewe, nalo ni namna tunavyoitunza mali iliyo ya wote, na namna tunavyowasaidia viongozi wetu kuitunza.

Je, tumewasaidia vya kutosha?

Wazee wetu wa Unyanyembe, utawala wa kale wa hapa Tabora, wana neno la kutufundisha hapa. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa, kisha mingine ikashika njia ya Ujiji na mingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Njia hiyo ilipitisha nguo na pembe za ndovu, na ilipitisha pia watumwa. Machozi yao hatuyasahau. Lakini walikuwapo vilevile maelfu ya Wanyamwezi waliosafiri kwa ujira, watu huru, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, kwa miezi kadhaa ya kwenda kwa miguu.

Msafara wa Wanyamwezi ulikuwa na kirangozi. Huyo ndiye aliyetangulia, akashika njia, na wote wakamfuata. Mara nyingi wapagazi wenyewe ndio waliomchagua, maana walimjua. Njia aliijua, maneno yake yalikuwa na busara, na hakuwa mtu wa kuwapeleka wenzake mahali pasipo na maji.

Na kirangozi naye alibeba mzigo. Ulikuwa mwepesi kuliko ya wenzake, lakini ulikuwa begani mwake, na aliyekuwa nyuma yake aliuona.

Si ndivyo tunavyotamani viongozi wetu wawe? Basi na tujiulize upande wetu: sisi tunaofuata, tunautazama mzigo, au tumeinamisha macho tunangoja tu kufika?

Hapa hapa Tabora tuna mfano mwingine wa karibu zaidi. Januari 1958 wajumbe wa chama cha TANU walikutana mjini kwetu wakiwa na jambo zito mbele yao. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeandaa uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi waliliona sharti hilo kuwa ni tusi, wakataka uchaguzi ususiwe. Walibishana kwa siku kadhaa. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye akafundisha St. Mary's hapa hapa, alisikiliza, akajibu, akashawishi. Mwishowe waliamua kushiriki, na Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Uamuzi ule uliweza kusimama kwa sababu ulipitia maswali. Watu waliuliza mbele ya wenzao na wakajibiwa mbele ya wenzao. Aliyekuja na hasira alipata nafasi ya kusema, na aliyeongoza alilazimika kueleza.

Maswali ya namna hiyo ndiyo ninayoyaomba kwenu leo.

Na swali la kwanza liwe juu ya rushwa, inayokula mali ya wote. Inamuumiza nani zaidi?

Mwenye duka kubwa akiombwa shilingi 20,000 ili karatasi yake isogee, anaguna, anatoa, anasahau. Mama anayeuza matobolwa sokoni akiombwa kiasi hicho hicho, mtaji wake umekwenda, na huenda mtoto akalala njaa. Barabara ikijengwa kwa nusu ya kokoto iliyolipiwa, mwenye gari refu atapita, mwenye baiskeli ya kubebea mkaa atazama. Dawa zikipungua stoo ya zahanati, mwenye nazo atanunua kwenye duka la dawa, asiye nazo atarudi nyumbani na maumivu yake. Kila mahali hesabu inaangukia kwa yule yule.

Jambo hili lilionekana mapema. Mwaka 1960, kabla hata bendera yetu haijapandishwa, Mwalimu aliwaambia wabunge wa wakati ule kwamba wakati wa amani rushwa ni adui mkubwa wa ustawi wa watu kuliko vita. Wanachama wa TANU waliahidi kutopokea rushwa na pia kutoitoa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawawekea viongozi masharti ya kutojilimbikizia mali. Mwaka 1996 Rais Benjamin Mkapa aliunda Tume ya Jaji Joseph Warioba, nayo ikaeleza wazi kwamba wapo wanaopokea rushwa kwa sababu kipato chao ni kidogo, na wapo wanaopokea kwa sababu ya tamaa tu. Sheria ya mwaka 2007 tunayoitumia sasa inamhesabia kosa anayepokea na anayetoa.

Kwa hiyo hatukosi maonyo, wala hatukosi sheria. Kilichobaki ni sisi.

Tazameni majirani zetu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Zaire ya Mobutu Sese Seko, kuanzia 1965 hadi 1997, ilikuwa na shaba, kobalti na almasi. Lakini mali ya umma ilifanywa ya wachache, mishahara ikapoteza thamani, mwalimu akaishi kwa michango ya wazazi, askari akajilipa barabarani. Watu wema kabisa walijikuta wananunua kila huduma, maana hawakuona njia nyingine. Vita vilipozuka mwaka 1996, ndugu zetu hao walivuka ziwa kwa maelfu, wakapokewa Kigoma. Siwatajii haya ili tuwacheke. Walikuwa watu kama sisi, na mizigo waliyovuka nayo ilitosha kutufundisha.

Kisha tazameni kusini. Botswana ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Mwaka uliofuata almasi iligunduliwa Orapa, katika ardhi ya Wabangwato, kabila la Rais Seretse Khama mwenyewe, ambako yeye alizaliwa mrithi wa kiti cha uchifu. Angeweza kusema, hii ni mali ya kwetu. Badala yake yeye na wenzake walisimamia sheria iliyoyafanya madini kuwa ya taifa zima, na fedha zikaenda kwenye shule, barabara na zahanati. Botswana nayo ina shida zake hadi leo, lakini haikubaki pale ilipoanzia.

Nchi zote mbili zilikuwa na utajiri ardhini. Kilichozitenganisha ni mikono iliyoushika utajiri huo na macho yaliyoutazama. Macho hayo, ndugu zangu, ni yetu.

Tuanzie nyumbani. Viongozi hawashuki kutoka mawinguni. Mwenyekiti, diwani, mbunge, karani wa masijala, wote walilelewa katika nyumba kama zetu. Samaki mkunje angali mbichi.

Mtoto akitumwa dukani akarudi na chenji, ihesabu pamoja naye, umsifu ikitimia. Siku ya kupanga matumizi ya nyumba, waite watoto wakubwa wasikie: kiasi hiki kimeingia, hiki ni cha unga, hiki cha daftari za shule. Atakayezoea kusikia hesabu nyumbani, ukubwani hataona ajabu kuulizwa hesabu. Na ukiwa naye safarini ukasimamishwa barabarani kwa kosa, lipa faini halali mbele yake. Usimfundishe kwamba kila jambo linamalizwa kwa "ya soda".

Lipo jingine la nyumbani ambalo hatulizungumzi sana. Ndugu yetu akipata cheo, sisi tunamwomba nini? Mjomba anataka mchango wa harusi, shangazi anataka bati, mpwa anataka ajira, na sisi wa mtaani tunamtazamia atoe zaidi ya wote kwenye kila msiba. Mshahara wake tunaujua? Tunapomsifu kwa kutoa, tumewahi kumuuliza ametoa wapi?

Tunampenda, ndiyo maana tunamwomba. Basi tumpende na kwa namna nyingine. Akija likizo tumkaribishe ugali wetu kama zamani, tumuulize kazi inaendaje, tumwambie hivi: usituletee kitakachokuharibia jina. Mtumishi mwaminifu akijua kwamba kwao hadaiwi asichokuwa nacho, nusu ya mtego umekwisha teguliwa.

Kutoka nyumbani twende mtaani. Ni lini ulihudhuria mkutano wa mtaa wako kwa mara ya mwisho?

Najua kazi ni nyingi na jua ni kali. Lakini pale ndipo mali yetu inaposomwa. Kwa ndugu zetu wa vijijini, Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa hapo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lipo. Tatizo ni kwamba likisomwa mbele ya viti vitupu, hata msomaji mwaminifu hukata tamaa.

Maswali ya kuuliza ni mepesi. Kimeingia kiasi gani? Kimetumika kwa kazi gani? Kimebaki kiasi gani? Huhitaji shahada kuyauliza. Anayeendesha kikoba cha akina mama huyauliza kila wiki, tena bila kumchukia mtu.

Miradi ya shule na zahanati siku hizi mara nyingi inasimamiwa na kamati za wananchi wenyewe. Kuna kamati ya ujenzi, ya manunuzi, na ya kupokea vifaa. Ukiombwa kuingia, usikimbie. Wewe fundi mwashi unajua mfuko mmoja wa saruji unatoa matofali mangapi. Wewe seremala unaitambua mbao iliyokauka na iliyo mbichi. Wewe mama lishe unajua bei ya mchele wa leo. Ujuzi huo ni ulinzi wa darasa ambamo watoto wetu watasomea. Saruji ikifika, ihesabiwe mbele ya watu na iandikwe. Mtunza stoo mwema atafurahi, kwa sababu hesabu ya wazi inamlinda yeye kwanza.

Halmashauri zetu pia zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Je, kikundi chako kimeuliza utaratibu? Na mliokwisha kukopeshwa, mnarejesha? Anayerejesha kwa wakati amemfungulia mlango jirani anayesubiri. Asiyerejesha naye amemega mali ya wote, hata kama hakukusudia. Tukumbushane kwa upendo.

Wakulima wa tumbaku, ninyi mnabeba kazi ngumu kuliko wengi wetu. Tangu kitaluni hadi kwenye bani, usiku mnalinda moto, mchana mnafunga majani. Msiache jasho hilo lipotee kwenye karatasi. Chama chenu cha msingi ni chenu. Mbolea mliyochukua kwa mkopo ni mifuko mingapi, kwa bei gani? Uzito wa robota lako ulikuwa kilo ngapi, na daraja lipi? Makato ni ya nini? Omba maelezo hayo kwa maandishi, yahifadhi. Mkutano mkuu unapopitisha makisio na ukomo wa madeni, kaa hadi mwisho, usinyanyue mkono kwa jambo ambalo hujalielewa. Kama kusoma kunakupa shida, nenda na mwanao aliyemaliza kidato cha nne. Mkutano huo utakuwa chuo chake cha kwanza cha uongozi.

Sasa nizungumze nanyi mlioko makazini: wauguzi, walimu, makarani, askari, watendaji, mafundi wa maji na umeme.

Tunajua mishahara yenu ina mahali inapokwama. Tunajua mnatumia nauli zenu, sauti zenu na usiku wenu. Ahsanteni. Ombi letu ni dogo: mtu akija leo na shida inayoweza kumalizwa leo, imalizeni leo. Mtu aliyetoka Igalula kwa treni akiambiwa "njoo kesho", hiyo kesho ni nauli nyingine na usiku wa kulala kwa watu. Mara nyingi rushwa huzaliwa humo, kwenye foleni isiyoeleweka. Bandikeni mlangoni huduma ipi ni bure na ipi inalipiwa, na kiasi gani. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza wamewekewa msamaha na sera ya afya, basi waambiwe kabla hawajauliza. Palipo na malipo, mtu apewe namba ya kumbukumbu ya malipo, alipe benki au kwa simu, apate risiti yake.

Nanyi mnaohudumiwa, tuelewane. Shukrani ni tabia yetu njema. Lakini kumpa mtu bahasha kabla hajakuhudumia kunamweka pabaya yeye, na kunamsukuma nyuma mwenzako asiye na bahasha. Mshukuru kwa maneno. Mwandikie mkubwa wake kwamba fulani ametenda vema. Barua kama hiyo mfanyakazi huikumbuka miaka mingi.

Lipo na dai chafu linalowapata zaidi mabinti zetu wanaotafuta kazi au alama za mtihani: rushwa ya ngono. Sheria ya 2007 imelitaja kuwa kosa la jinai. Binti akija kukueleza, msikilize kabla ya kumuuliza alivaa nini. Msindikize kwenye ofisi ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, au piga namba 113, ambayo haina malipo.

Wafanyabiashara, toeni risiti bila kuombwa. Wanunuzi, tuziombe bila haya. Kodi ile ndiyo inayolipa chaki, gari la wagonjwa na mabomba yanayotuletea maji ya Ziwa Victoria hapa mjini.

Nimalizie na uchaguzi, maana viongozi tunawachagua sisi. Mwaka 2000 sheria iliruhusu wagombea kutoa takrima, ikionekana ni ukarimu wa Kiafrika. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema ruhusa hiyo ni kinyume cha Katiba, kwa sababu inambagua mgombea asiye na fedha. Fikiri kidogo juu ya hilo. Katika mtaa wako, nani angefaa kuongoza lakini hana fedha za kugawa khanga na sukari? Labda ni yule mwalimu mstaafu. Labda ni yule mama anayetunza fedha za kikoba bila senti kupotea. Tukiacha kuuliza "ametupa nini", tukauliza "amewahi kutunza nini", watu hao wataonekana.

Na wewe unayesoma haya huku watu wakikuamini, kwa nini usigombee?

Nasikia wengine wakisema: nikiuliza nitaitwa mchochezi. Hofu hiyo ina sababu yake, wala sitaidharau. Ndiyo maana nasema tuulize kwa upole. Muulize kiongozi kama unavyomuuliza kaka yako mkubwa, kwa shikamoo na kwa heshima, mbele ya watu, bila kumtuhumu. Usiende peke yako. Watu kumi wakiuliza swali moja, halionekani tena kuwa chuki ya mtu. Ukijibiwa nusu, mshukuru, kisha mkutano ujao uliza nusu iliyobaki.

Basi naomba jambo moja kwa kila nyumba. Muulize mjumbe wako au mtendaji wa mtaa tarehe ya mkutano ujao. Mpitie jirani mmoja ambaye hajawahi kwenda, mwende pamoja. Hesabu zikisomwa, sikilizeni hadi mwisho, kisha mmoja wenu asimame aulize. Hesabu zikiwa safi, pigeni makofi kwa nguvu, maana kiongozi mwaminifu anastahili kujua kwamba tumeona. Zikiwa na pengo, msiondoke kwa hasira. Wekeni tarehe ya kujibiwa, iandikwe kwenye muhtasari, na siku hiyo ikifika, mrudi wote.